Jinsi ya Kukagua Sarafu ya Dhahabu ya Tabora ya 1916 Kabla ya Kununua au Kuuza: Mwongozo Kamili

Makosa ni yaleyale kila mara. Mtu anaonyeshwa sarafu ya dhahabu yenye tembo. Anaiuma kwa meno, anaisugua kwa majivu na ndimu mpaka ing'ae, anampelekea sonara aikwaruze, kisha ndipo anauliza bei. Ikiwa ilikuwa ya kweli, hapo ameshaipunguzia thamani. Ikiwa ni ya bandia, bado hajajua.

Hapa kazi imepangwa upya. Vipimo visivyoacha alama vinatangulia, jicho linafuata, mashine na pesa vinakuja mwisho.

Sarafu yenyewe ni rupia 15 ya Afrika Mashariki ya Kijerumani. Ni sarafu ya dharura iliyopigwa Tabora mwaka 1916, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimepamba moto. Zilitoka 16,198 tu, aina zote mbili pamoja. Wakusanyaji wanaitafuta kwa sababu ni dhahabu, ni chache, ina tembo, na ilipigwa kwa haraka katikati ya vita. Sababu hizohizo ndizo zinazowavuta watengeneza bandia.

Jambo moja kabla ya kuanza: hadithi haipimiki kwenye mizani. Babu aliyekuwa askari wa Keya (jeshi la Waingereza la King's African Rifles) na kurudi Masaka na sarafu kwenye kibindo anaweza kuwa kweli kabisa. Iandike hadithi hiyo, itunze, lakini usiilipie hata shilingi mpaka sarafu ipite hatua zilizo hapa chini.

## Vifaa

- Mizani ya kidijitali inayosoma gramu 0.01. Ya jikoni inayosoma gramu nzima haifai kabisa. Ukipata ya gramu 0.001, afadhali zaidi.
- Jiwe la mizani la kuhakiki, la gramu 50 au 100. Mizani nyingi ndogo huuzwa pamoja nalo.
- Kalipa ya kupimia kipenyo.
- Lenzi ya kukuza mara 10.
- Kikombe chepesi cha plastiki, maji safi, na tone moja la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo.
- Uzi mwembamba wa naili, ule wa kuvulia samaki wadogo.
- Kijiti kilichonyooka na marundo mawili ya vitabu ya kukishikilia.
- Sumaku kali, kitambaa laini, na taa moja ya mezani.
- Simu yenye kamera inayoona karibu.

Ondoa mezani tindikali ya sonara, jiwe lake la kukwaruzia, dawa ya meno, ndimu, majivu, na dawa yoyote ya kung'arisha shaba. Si kwamba tindikali inadanganya. Inasema kweli kuhusu madini, lakini inaacha kovu ambalo kila mnunuzi wa maana ataliona.

## Namba za kushika

Uzito ni gramu 7.168. Dhahabu ni sehemu 750 kati ya 1,000, yaani karati 18. Kwa hiyo dhahabu safi iliyomo ni gramu 5.376. Kipenyo ni kati ya milimita 22 na 23, kwa hiyo sarafu yetu ya Uganda ya shilingi 500 inaizidi kidogo tu.

## Hatua ya 1: Ishike kwa ukingo, usiisafishe

Tandika kitambaa mezani, kwa sababu sarafu ikianguka sakafuni inapata pigo la ukingo lisilofutika. Ishike kwa vidole viwili kwenye ukingo, kamwe si kwenye nyuso.

Uchafu mweusi uliojificha kwenye herufi uache. Rangi ya wekundu au ukahawia nayo iache: robo ya sarafu si dhahabu, na shaba iliyomo hubadilika rangi kwa miaka. Mnunuzi mzoefu huisoma rangi hiyo kama ushahidi kwamba ngozi ya sarafu haijaguswa.

Ikiwa ina udongo mbichi wa shambani, iloweke kwenye maji safi usiku kucha, kisha iweke kwenye kitambaa ijikaushe. Kusugua hapana, hata kwa kidole.

## Hatua ya 2: Soma nyuso zote mbili

Upande mmoja una tai wa dola la Kijerumani na taji, maneno DEUTSCH OSTAFRIKA, na chini yake 15 RUPIEN. Upande wa pili una tembo aliyeinua mkonga, milima ikiwa nyuma yake, na chini mwaka 1916 na herufi T, alama ya Tabora.

Wengi wanaishia hapa, kwa kuwa walichonacho si rupia 15. Mara nyingi huwa ni mojawapo ya hizi:

- Heller 5 au heller 20 (heller ni senti ya rupia) ya 1916, nayo ya Tabora na yenye herufi T. Hizi ni za shaba njano, na heller 20 zipo pia za shaba nyekundu. Ni sarafu halali za vita zenye wanunuzi wake, ila dhahabu hazina. Hazina tembo wala milima. Zina taji na tarakimu.
- Rupia moja ya fedha yenye kichwa cha Kaisari Wilhelm II. Uzito wake ni gramu 11.66, na kuna watu huichovya rangi ya dhahabu.
- Nakala ya ukumbusho. Baadhi zimeandikwa neno la kuonyesha kuwa ni nakala, kwa herufi ndogo sana. Lipo neno ambalo mtu amelifuta kwa tupa: ukiona eneo laini lisilo na sababu, hasa karibu na ukingo, litilie shaka.

Umefaulu ikiwa: maandishi yote yapo, yako mahali pake, na hakuna neno la ziada.

## Hatua ya 3: Uzito na kipenyo kwa pamoja

Zima feni, funga dirisha, weka mizani juu ya meza isiyotikisika. Weka jiwe la mizani kwanza. Jiwe la gramu 50 likisoma 49.80, usiendelee, rekebisha mizani au badilisha betri.

Pima sarafu mara tatu, ukiiondoa na kuirudisha. Kisha pima kipenyo sehemu mbili tofauti, kwa kuwa sarafu za haraka za namna hii si mviringo kamili. Usiibane kalipa kwa nguvu.

Sarafu nzuri itasoma karibu na 7.15 hadi 7.18. Iliyotembea sana mifukoni inaweza kushuka kidogo. Ikiwa chini ya 7.05, tafuta sababu: ukingo uliopigwa tupa, tundu lililozibwa, au bandia. Ikizidi 7.20, tazama kama kuna mabaki ya lehemu, maana nyingi za sarafu hizi ziligeuzwa vidani na vifungo vya mikono ya shati.

Kwa nini vipimo viwili kwa pamoja? Sarafu ya shaba njano yenye umbo na unene uleule ingekuwa na gramu 4 hivi tu. Ili afikie gramu 7, mtengeneza bandia lazima aiongeze unene au upana, na kalipa inamuumbua. Ukipima uzito peke yake, amekupita.

## Hatua ya 4: Sumaku

Ikivutwa, kazi imekwisha. Isipovutwa, hujajua lolote: dhahabu, shaba, fedha na risasi zote hazivutwi. Wauzaji wa barabarani wanapenda sana kuonyesha kipimo hiki, na sasa unajua kwa nini.

## Hatua ya 5: Kipimo cha maji

Hiki ndicho kipimo chenye nguvu kuliko vyote unavyoweza kufanya nyumbani, na ndicho wengi wanachokosea. Kinaonyesha uzito wa sarafu nzima ukilinganishwa na ujazo wake, si ngozi ya juu tu.

1. Weka kikombe juu ya mizani, mimina maji nusu, ongeza tone la sabuni na koroga polepole. Sabuni inazuia mapovu ya hewa kung'ang'ania kwenye herufi.

2. Weka marundo ya vitabu kila upande wa mizani, laza kijiti juu yake kipite katikati ya kikombe. Vitabu visiguse mizani.

3. Funga uzi wa naili kuizunguka sarafu kama unavyofunga kifurushi, kisha ining'inize kwenye kijiti ikiwa bado juu ya maji. Usitumie uzi wa pamba, kwani unafyonza maji na kuharibu hesabu.

4. Irudishe mizani kwenye sifuri, kikombe na maji vikiwa juu yake.

5. Shusha sarafu taratibu mpaka izame yote. Isiguse chini wala pembeni. Subiri namba itulie, uiandike.

Namba unayoiona si uzito wa sarafu. Uzi ndio unaoibeba sarafu. Mizani inasoma uzito wa maji yaliyosukumwa. Kwa kuwa mililita moja ya maji ni gramu moja, namba hiyo ndiyo ujazo wa sarafu. Gawa uzito wa sarafu kavu kwa namba hiyo, upate gramu kwa kila mililita.

Mfano: 7.16 ÷ 0.47 = 15.2. Dhahabu ya karati 18 hukaa kati ya 15 na 16, kutegemea robo iliyobaki ina shaba kiasi gani na fedha kiasi gani.

Kwa sarafu ya gramu 7.17, namba ya majini itakuwa hivi:

- Karati 18: 0.45 hadi 0.48
- Karati 14: 0.51 hadi 0.55
- Karati 22: 0.40 hadi 0.41
- Dhahabu safi au tangsteni: 0.37
- Risasi: 0.63
- Fedha: 0.68
- Shaba nyekundu: 0.80
- Shaba njano: 0.84

Angalia umbali uliopo kati ya 0.47 na 0.84. Hata mizani ya bei nafuu haiwezi kuchanganya viwili hivyo. Lakini kosa la 0.01 tu linabadilisha jibu kwa karibu asilimia 2, kwa hiyo rudia mara tano na uchukue namba ya katikati. Usitangaze karati kamili kutokana na kipimo kimoja.

Yanayoharibika na sababu zake:

- Namba inaruka ghafla hadi 7: sarafu imegusa chini.
- Namba inazidi kushuka polepole: uzi unafyonza maji. Ikizidi kupanda: kuna matone yanayoanguka kikombeni.
- Namba ni kubwa kidogo kuliko ilivyotarajiwa, na inabadilika kila mara: mapovu. Itikise sarafu ndani ya maji ukiwa umeshika uzi.
- Namba inacheza: upepo, meza, au simu inayotetemeka juu ya meza hiyohiyo.

Ukimaliza, igusishe sarafu kwenye kitambaa upande mmoja, kisha wa pili, na uiache ikauke.

Umefaulu ikiwa: majibu matano yanakaa kati ya 0.45 na 0.48.

Sasa onyo kubwa kuliko yote. Kipimo hiki kimethibitisha madini, hakijathibitisha sarafu. Mtu anaweza kuchukua dhahabu ya karati 18, akatengeneza nakala ya uzito kamili, akapata faida nono, kwa kuwa bei ya sarafu halisi iko juu mno kuliko ya dhahabu iliyomo. Ndiyo maana kuna hatua inayofuata.

## Hatua ya 6: Lenzi na taa moja

Zima taa za dari. Weka taa ya mezani upande mmoja, mwanga uje kwa mlazo. Zungusha sarafu, usizungushe taa.

Ukingo kwanza. Mstari mwembamba unaozunguka katikati ya ukingo unaonyesha nusu mbili zilizounganishwa, au sarafu iliyosubiwa, yaani iliyomiminwa kwenye kalibu badala ya kupigwa kwa muhuri. Mikwaruzo inayokwenda upande mmoja ni ya tupa. Tazama hasa juu kabisa, usawa wa tai na usawa wa tembo: hapo ndipo pete ya kidani hushikizwa. Doa la rangi tofauti au mchomo mdogo hapo ni alama ya lehemu.

Kisha uwanja mtupu kati ya picha na herufi. Sarafu iliyosubiwa ina vitundu vidogo vya mviringo, na herufi zake zina mizizi ya mviringo kana kwamba zimeyeyuka. Sarafu iliyopigwa kwa muhuri ina herufi zinazosimama wima kutoka uwanjani. Iliyosubiwa kutokana na sarafu ya kweli pia huwa ndogo kidogo kwa kipenyo, maana madini husinyaa yakipoa. Rudi kwenye namba zako za Hatua ya 3.

Mwisho, picha yenyewe. Hapa watu hukataa sarafu nzuri bila sababu. Sarafu za Tabora zilipigwa katika hali ya vita, na sehemu hafifu ni jambo la kawaida. Tofautisha uhafifu wa kupigwa na uchakavu. Eneo lililopigwa hafifu hubaki na mparuzo wa bapa la dhahabu kabla ya kupigwa, na bado linaakisi mwanga kama sehemu nyingine. Eneo lililochakaa ni laini, limefifia, na daima huanzia kwenye vilele: bega la tembo, kifua cha tai, taji. Ukikuta vilele vikali lakini bonde limefutika, kuna aliyechezea.

Kwa maoni yetu, sarafu nzuri kupita kiasi inatisha kuliko iliyopigwa vibaya. Uwanja laini kama kioo na kila unywele wa mkonga umesimama? Uliza maswali mengi.

Ukionyeshwa mbili au tatu kwa pamoja, zipige picha na uzilinganishe. Mkwaruzo uleule, mahali palepale, kwenye sarafu mbili tofauti, una maana zote zimetoka kwenye nakala moja. Hiki ni kipimo cha dakika moja na hakikosei mara nyingi.

## Hatua ya 7: Aina gani?

Kwenye upande wa tai, tafuta pambo la mchoro uliojikunja upande wa kulia. Ncha yake inaishia chini ya herufi gani katika neno OSTAFRIKA?

- Chini ya herufi T: aina iliyopigwa 9,803.
- Chini ya A ya kwanza: aina iliyopigwa 6,395.

Herufi hizo zimepakana, kwa hiyo usikadirie kwa jicho tupu. Piga picha iliyonyooka na uikuze. Uchache wa aina ya pili haumaanishi kwamba bei inapanda maradufu. Hali ya sarafu huamua zaidi.

## Hatua ya 8: Mashine na watu wa kuthibitisha

Baadhi ya wanunuzi wa dhahabu Kampala wana mashine ya miale inayosoma madini bila kukwaruza. Iombe isome nyuso zote mbili na ukingo. Dhahabu iwe karibu asilimia 75, iliyobaki shaba na fedha. Kumbuka inasoma ngozi ya juu tu, kwa hiyo haichukui nafasi ya kipimo cha maji. Usiiache sarafu dukani "urudi kesho". Simama hapohapo, ipimwe mbele yako, uondoke nayo.

Uthibitisho ambao soko la dunia linautambua hutolewa na kampuni kama NGC na PCGS za Marekani. Huipa sarafu alama kati ya 1 na 70 na kuifungia kwenye kasha la plastiki. Iliyosafishwa au iliyowahi kuwa kidani haipati alama. Inaandikwa kasoro yake. Gharama ya kutuma na bima si ndogo, kwa hiyo usitume kitu ambacho hakijapita Hatua ya 1 hadi 7. Kasha nalo huigizwa: ingiza namba yake kwenye tovuti ya kampuni, na linganisha picha mkwaruzo kwa mkwaruzo.

## Hatua ya 9: Tafuta bei

Anza na sakafu, yaani thamani ya dhahabu iliyomo. Zidisha 5.376 kwa bei ya leo ya gramu ya dhahabu safi. Tuseme gramu ni shilingi 400,000: sakafu ni shilingi 2,150,400. Hata iliyopondeka haiuzwi chini ya hapo, na sonara anayeizungumzia kama gramu 7 za "vyuma chakavu" ukatae.

Juu ya sakafu, tazama bei zilizokwisha kulipwa, si zinazoombwa. Nyumba za mnada kama Künker ya Osnabrück, Spink ya London na Heritage ya Dallas huweka kumbukumbu za mauzo yao. Chukua mauzo manne au matano ya aina ileile na hali ileile, ya miaka ya karibuni, ukiangalia kama bei inajumuisha ada ya mnunuzi. Muuzaji hapati ada hiyo, na kamisheni yake bado inakatwa.

Sarafu iliyokuwa kidani ilinganishe na zilizokuwa vidani.

## Hatua ya 10: Kuuza, kutuma, kuhifadhi

Piga picha tai, tembo na ukingo, kwa mwanga wa dirisha, bila mwako wa simu. Unapompelekea mtu usiyemjua, usionyeshe nyumba wala mahali ulipo.

Anayetaka umlipe "ada ya kuthibitisha" ili akununulie sarafu yako ni tapeli. Anayetaka amana ili akufungulie sanduku lenye sarafu mia za namna hii naye ni tapeli, tena hajui hesabu: mia zikitokea Kampala kwa mkupuo, dunia nzima ya wakusanyaji ingesikia. Kutana ndani ya benki, pesa zihesabiwe na mhudumu.

Kabla ya kuitoa nchini, fika Jumba la Makumbusho la Uganda, Kira Road, Kamwokya, uulize kama inahitaji kibali cha vitu vya kale, na jibu ulipate kwa maandishi. Kisha itangaze forodhani. Kuificha kwenye soksi uwanja wa ndege wa Entebbe kunaweza kukupotezea sarafu nzima kwa ajili ya karatasi moja.

Ikibaki nyumbani, iweke kwenye bahasha isiyo ya PVC (aina ya plastiki laini), maana PVC hutoa ute wa kijani unaokula shaba iliyomo. Ongeza kipakiti cha kunyonya unyevu, ukibadilishe kila baada ya miezi michache. Karibu na ziwa unyevu ni mwingi. Namba zako zote, yaani uzito, kipenyo, majibu ya majini na aina, ziandike kwenye karatasi na uiweke mahali tofauti na sarafu.

## Na pondi ya 1902?

Wanaoulizia pondi ya dhahabu ya Afrika Kusini iliyopigwa Pilgrim's Rest wakati wa vita vya Makaburu, yenye herufi ZAR na maneno EEN POND, wafuate hatua zilezile wakibadilisha namba. Zilitoka 986 tu. Kwa uchache huo, ukikutana nayo mkononi mwa mtu mjini, ichukulie kuwa ni nakala mpaka NGC au PCGS waseme vingine, na usilipe kitu chochote kabla hawajasema.